Mwambie Mwenyewe, Kabla Hajaambiwa Msibani

Sogea karibu, mdogo wangu. Simu iweke pembeni, na kama mtoto amelala ni vizuri zaidi, maana haya ya leo yanamhusu yeye kuliko yanavyokuhusu wewe.

Barua zenu nimezisoma zote. Kila moja imevaa kanga yake, lakini ukiivua, ndani ni mwili uleule. Mmoja ana mtoto wa miaka 9 anayemwita yeye "dada" na kumwita bibi yake "mama". Mwingine alimwambia mwanawe kwamba baba yake alifariki zamani, na baba mwenyewe mzima wa afya, anauza saruji na nondo mtaa wa tatu. Wa tatu ameolewa, ana amani, mume anampenda, ila mtoto wa kwanza aliachwa kijijini na mume hajui kama yupo. Nyote mnaniuliza jambo moja: "Dada, nimwambie au ninyamaze?"

Kwanza pumua. Sikucheki, wala sijakaa hapa kukuhukumu. Najua ilivyoanza. Ulikuwa na miaka 17, sketi ya shule imeanza kukubana, na mama yako akakuita chumbani akakwambia, "Nyamaza. Huyu nitamlea mimi, wewe utarudi shule." Ile ilikuwa stara, na stara si dhambi. Mama alikuvulia kanga yake akakufunika, nawe ukajifunika, nani asingefanya hivyo? Lakini kanga ya kumsitiri mama mtu si ya kumviringishia mtoto uso mzima mpaka akose pumzi. Hapo ndipo ninapokushika mkono, na nitaubana kidogo.

Kuna kitabu nimekisoma mara mbili, na mara ya pili nilikisoma nikiwafikiria nyinyi. Kimeandikwa na Sarah Addison Allen, mwanamke mzaliwa wa Asheville, mji wa milimani katika jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani. Kinaitwa The Girl Who Chased the Moon, kilitoka mwaka 2010. Kisa chake kiko Mullaby, kijimji cha kubuni katika jimbo hilohilo. Mji wenyewe ni mdogo, wa aina ile ambayo ukikohoa mwanzo wa barabara unapewa pole mwisho wake. Sifa yake ni nyama ya nguruwe inayobanikwa polepole kwa moshi wa kuni, na moshi huo unalala juu ya mji mchana kutwa. Na mambo ya ajabu yapo, ila watu wameyazoea kama sisi tulivyozoea jirani mwenye jicho. Karatasi za ukutani katika chumba cha binti zinajibadilisha picha zenyewe. Mwanaume mmoja anaiona harufu ya keki kwa macho. Na katika ukoo mmoja wa kitajiri, wanaume wakipigwa na mbalamwezi miili yao inang'aa, kwa hiyo vizazi na vizazi hawatoki nje usiku.

Usidhani mwandishi ameyaokota hewani. Katika jimbo lilelile kuna Mlima Brown, ambako watu wanasimulia tangu zamani habari za mianga inayoonekana usiku. Mwaka 1922 serikali ilimtuma mtaalamu wa miamba akachunguze, akasema nyingi ni taa za magari moshi na magari ya kawaida, nyingine moto wa vichakani. Watu walimsikia, wakamshukuru, na mpaka leo wanapanda kwenda kutazama. Mimi nawaelewa. Katika mji mdogo, mwanga wa mlimani ni rahisi kuuzungumza kuliko binti wa fulani aliyeondoka ghafla katikati ya mwaka na kurudi amekonda.

Basi huko Mullaby anafika msichana wa miaka 17, Emily. Mama yake, Dulcie, amefariki, na sasa anakuja kuishi na babu ambaye hakuwahi kuambiwa kama yupo duniani. Mama aliyemjua Emily alikuwa mwanamke wa kutetea wanyonge, mtu wa kwanza kusimama akiona haki inavunjwa. Anafika mji aliozaliwa mama yake akitegemea kukumbatiwa. Badala yake anakuta macho yanamkwepa. Akilitaja jina la mama, mazungumzo yanakatika. Kila mtu pale, mwenye duka, jirani, kijana wa rika lake, anakijua kitu juu ya mama yake ambacho yeye hakijui. Babu anajua, na babu ananyamaza kwa sababu anampenda.

Hapo nilifunga kitabu nikalia, mdogo wangu. Sababu yake nitakwambia mbele.

Alilolifanya Dulcie ujanani ni hili. Alikuwa binti wa tajiri, mrembo, mwenye hasira za kubembelezwa sana. Akampenda kijana mpole wa ule ukoo unaong'aa, na kijana akamfungulia siri ya nyumba yao. Wazazi wa kijana wakaukataa uchumba. Dulcie akaumia, na katika kuumia kwake akamtoa yule kijana usiku, mbele ya mji mzima, mbalamwezi ikampiga, watu wakaona. Kijana hakuweza kuishi na aibu ile, akajiua. Dulcie akaondoka Mullaby asirudi tena, akaishi maisha yake yote akitenda wema kama mtu anayelipa deni, na mwanawe hakumwambia hata neno.

Tazama, mwanamke mmoja kaingia mashimo mawili. Siri ya mwenzake, aliyopewa kwa mapenzi, aliitoa. Siri yake mwenyewe, iliyokuwa haki ya mwanawe, akaizika. Mnaponiuliza "niseme au nisiseme", ninawatazama mkiwa mmesimama katikati ya mashimo hayo, na namna ya kuyakwepa ni kujiuliza kwanza: siri hii ni mali ya nani? Ya mdogo wako wa kiume asiyeweza kuzaa si yako. Ya shoga yako aliyekulilia usiku juu ya mtoto wake si yako, hata mkigombana kesho mpaka mkatupiana viatu. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mifupa ya watu. Ila asili ya mtoto wako, yaani nani alimbeba na nani alimzaa, hiyo ni mali ya mtoto. Wewe umewekewa tu, kama mtu anavyowekewa mchango wa upatu. Siku ya mwenyewe kuja kuuchukua, huwezi kumwambia umeupoteza.

Mle kitabuni kuna mwanamke mwingine, Julia, naye huyu ndiye dada yenu hasa, nyinyi mlioniandikia. Alipata mimba akiwa na miaka 16 kwa usiku mmoja, na kijana mwenyewe wa familia nzuri akageuza uso. Alipelekwa mbali, akajifungua, akamtoa mtoto wake kwa watu wa kumlea. Yule kijana akaishi miaka yote akidhani mimba ilitolewa. Julia anarudi Mullaby mtu mzima, anaendesha mgahawa wa nyama aliouacha baba yake, na kila siku anaoka keki. Anaoka dirisha likiwa wazi. Alipokuwa mjamzito alitamani vitu vitamu mpaka akaamini kwamba mtoto amerithi pua ya baba yake, yule anayeiona harufu ya keki kwa macho, na kwamba harufu ya keki ikitoka dirishani itatembea popote ilipo njia, imfikie mwanawe, imlete nyumbani.

Mojawapo ya keki hizo inaitwa kwa jina la kindege cha kule kinachofyonza maua, mfano wa chozi wetu. Ni keki ya kweli, inapendwa sana kusini mwa Marekani. Ilitoka Jamaika, na mwaka 1978 mapishi yake yakachapwa katika jarida la Southern Living baada ya mama mmoja wa Greensboro, North Carolina kuyapeleka. Ndani yake kuna ndizi zilizoiva mpaka zikatota, nanasi, mdalasini na karanga za miti yao. Nimekutajia makusudi, maana ukiacha hizo karanga, vyote vipo sokoni kwako. Mama wa huko anayemlilia mwanawe na mama wa Muheza anayemlilia wake wanaweza kuwa wanaponda ndizi ileile.

Sitakwambia kama yule mtoto aliifuata harufu. Kitabu kitafute. Ila ujue kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na siri haikuuondoa ule uchungu kwa Julia, iliufanya tu usiwe na mtu wa kuupeleka.

Najua kuna mmoja hapo anasema, "Dada, hizo ni hadithi." Haya, nikupeleke jimbo la jirani, South Carolina, kwa watu waliokuwa na mwili na damu.

Katika mji mdogo wa Edgefield kulikuwa na msichana mweusi, Carrie Butler, mtumishi wa ndani katika nyumba ya familia ya Thurmond. Mwaka 1925, akiwa bado binti mdogo wa miaka 16 hivi, alizaa mtoto wa kike, na baba alikuwa kijana wa nyumba ile, Strom, mwenye miaka 22. Mtoto, Essie Mae, akapelekwa Pennsylvania kulelewa na dada wa mama yake. Alikua akiamini kwamba huyo ndiye mama yake. Alipokuwa na miaka 13 akaja mgeni mrembo, akaambiwa huyu ndiye mama yako aliyekuzaa. Mwaka 1941 Carrie akampeleka Edgefield, kwenye ofisi ya wakili, amwone baba yake. Alipoingia ndipo alipogundua kwamba baba ni mzungu.

Yule baba akawa gavana. Mwaka 1948 akagombea urais wa Marekani kwa siasa za kuwatenga watu weusi. Mwaka 1957 alisimama katika Seneti akazungumza saa 24 na dakika 18, akiipinga sheria ya haki za raia, na wakati huo binti yake mweusi alikuwa na miaka 31. Baba alikuwa akimsaidia kwa fedha, alimsomesha, alikutana naye. Jina ndilo hakumpa. Binti naye akanyamaza, akawa mwalimu, akazaa, akalea, akazeeka. Alikuja kusema hadharani Desemba 2003, baada ya baba kufa akiwa na miaka 100. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka 78. Mwaka uliofuata jina lake likachongwa kwenye mnara wa baba yake pale nje ya bunge la jimbo, na palipoandikwa kwamba alikuwa na watoto wanne wakalazimika kuchonga watano.

Fikiria kulibeba jambo mpaka uwe bibi kizee, ndipo fundi aje na patasi kukuhesabu.

Na usisahau kwamba Edgefield watu walinong'ona miaka yote hiyo. Nisikilize hapa kwa masikio mawili: siri ya mtoto haifichwi kwa watu. Mkunga anajua, shangazi anajua, jirani aliyekuona ukitapika nyuma ya choo anajua, mwenye kibanda cha mkaa anajua. Siri ya mtoto hufichwa kwa mtu mmoja tu, naye ni mwenyewe.

Sasa nikwambie kwa nini nilifunga kile kitabu nikalia.

Kwetu tulikuwa watoto 7. Wa mwisho, tuliyemwita mdogo wetu, alikuwa mtoto wa dada yetu mkubwa, aliyempata akiwa kidato cha pili. Sisi wakubwa tulijua. Mama alituita usiku, taa ya chemli ameishusha utambi, akatuapisha mmoja mmoja. Tukanyamaza, na kwa kweli hatukuona shida, maana mtoto alipendwa, alikula, alisoma, alibebwa mgongoni kuliko sisi sote. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na mama yangu alilea. Mungu ampumzishe.

Mama alipofariki, yule mdogo wetu alikuwa na miaka 19. Tulikuwa uani na wanawake wengine, tunamenya vitunguu vya chakula cha msiba. Akaja ndugu mmoja mzee kutoka kijijini, akamshika mabega kwa huruma kabisa, akamwambia, "Pole mwanangu, umefiwa na bibi aliyekulea kuliko mama yako." Visu vyote vilisimama. Dada yetu mkubwa alikuwa hatua tatu kutoka pale, ameinamia sinia. Hakuinua kichwa. Yule binti aliendelea kumenya. Machozi yakamtiririka na hakuna aliyeweza kujua haya ni ya kitunguu, haya ya msiba, na haya ya jambo lile.

Siku ya tatu alinifuata nikiwa naanua nguo. Nilidhani ataniuliza baba yake ni nani, au kwa nini walimficha. Aliniuliza, "Na wewe ulijua?"

Hicho ndicho kinachouma, mdogo wangu. Kuzaliwa nje ya ndoa watoto wanasamehe. Kulelewa na bibi wanasamehe, tena wanashukuru. Kinachowakata ni kukumbuka kila sikukuu, kila picha, kila meza, na kuhesabu nyuso zilizokuwa zinajua. Emily kule Mullaby alipita barabarani katika macho ya namna hiyo. Mimi nilikuwa mmoja wa macho hayo kwa miaka 19, na nilikuwa nampenda.

Mpaka leo yule binti hamwiti dada yetu mkubwa "dada". Hamwiti "mama" pia. Akimhitaji hamwiti, humfuata mpaka alipo, akasimama karibu naye, akaanza kusema.

Kwa hiyo usiniambie "bado mdogo". Umesema bado mdogo alipokuwa na miaka 4, ukasema tena alipoanza darasa la kwanza, na sasa anavunja ungo unasema ngoja amalize mtihani. Mtoto mdogo ndiye mwepesi wa kuambiwa. Wa miaka 5 unamwambia, "Ulitoka tumboni mwangu mimi, na bibi akakulea kwa sababu nilikuwa bado nasoma, kwa hiyo una mama wawili." Atakuuliza kama anaweza kwenda kucheza. Basi. Ataendelea kuuliza mwaka hadi mwaka, na kila mwaka utamwongezea kipande kinachomtosha kifua. Ukingoja akue, utalazimika kummwagia debe zima kwa mara moja.

Wewe wa baba aliyezikwa angali hai, wewe nakukaripia kidogo, na uvumilie. Najua alikuumiza. Najua ulipomwona kwenye kile kibanda cha saruji na mkewe mpya ulitamani awe amekufa kweli. Lakini mtoto wako anapita pale kununua misumari. Mficha maradhi kifo humuumbua, nawe umeyaficha mlangoni kwenu. Si lazima uwapatanishe, si lazima umlete nyumbani. Mwambie tu mtoto, "Nilikwambia amekufa kwa sababu nilikuwa na maumivu. Haikuwa kweli, na nisamehe." Hilo neno la mwisho usiliruke. Wazazi wetu wengi hawakulijua, nasi tumelipia.

Na wewe wa kijijini, mwenye mume asiyejua, kwako naenda taratibu, kwa sababu nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Kama mume ana mkono mwepesi, kama unahofia usalama wako au wa watoto, usianze kwake. Anza kwa mtu mzima mmoja unayemwamini, au kwa ofisi ya ustawi wa jamii, mjipange. Na kama mimba ile ilitoka kwa mtu aliyekulazimisha, hudaiwi kumsimulia mtoto namna ilivyokuwa. Anachodai ni kujua kwamba wewe ndiye mama yake na kwamba hakuna siku ulimchukia. Lakini mtoto wa kijijini usimwache akingoja mpaka upate ujasiri kamili, maana hautakuja kamili. Nenda kamwone. Beba hata mkate.

Siku ya kusema usichague sikukuu, wala mbele za watu, wala ukiwa na hasira naye kwa sababu amerudi usiku. Chagua siku ya kawaida, mikono ikiwa na kazi, mnachambua mchele au mnakunja nguo, ili macho yapate pa kukimbilia. Sema kwa ufupi. Usilie kumzidi, maana akianza kukubembeleza wewe, uchungu wake atauweka wapi?

Akinyamaza, mwache anyamaze. Akiingia chumbani akafunga mlango, usimgongee, usimtumie shangazi. Bandika chungu jikoni, pika kile anachokipenda, kile chenye harufu inayofika mpaka chumbani, na dirisha liache wazi. Huenda akatoka baada ya saa, huenda baada ya siku mbili. Akija kukaa, mpakulie, hata kama wengine walishamaliza kula.